Presha 92, Vasopresini 3.1: Kisa cha Homoni Iliyotakiwa Kumwagwa Isimwagwe

Kisa hiki kilitoka New York. Mwaka 1997, Donald Landry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha vipimo vya wagonjwa 19 waliokuwa na mshtuko wa sepsisi: maambukizi yamesambaa, mishipa ya damu imelegea mwili mzima, presha imeporomoka. Wote walikuwa tayari kwenye dawa za kupandisha presha za jamii ya adrenalini. Pamoja na dawa hizo, presha yao ya juu ilikuwa wastani wa 92. Moyo ulikuwa unafanya kazi, tena kupita kawaida: lita 6.8 za damu kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5. Damu ilitoka moyoni kwa wingi, ikaingia kwenye mishipa isiyobana.

Watafiti wakapima homoni moja inayotoka ubongoni na ambayo kazi yake mojawapo ni kubana mishipa hiyo: vasopresini. Majibu yakaja, wastani wa pikogramu 3.1 kwa mililita.

Ukiyaona majibu hayo bila kuambiwa ni ya nani, utayaweka pembeni. Mtu mzima wa afya aliyekaa kwake anakunywa chai huwa na kiwango kinachokaribiana na hicho. Lakini hawa presha ilikuwa imeanguka, na mtu ambaye presha imeanguka ubongo wake unatakiwa uwe unaimwaga homoni hii kwa fujo. Ili kuonesha hivyo, watafiti walipima pia wagonjwa 12 wenye mshtuko wa aina nyingine, ule wa moyo wenyewe kushindwa kusukuma damu. Presha ya hao ilikuwa 99, karibu sawa na ya wenzao, na wao pia walikuwa kwenye dawa zilezile za jamii ya adrenalini. Vasopresini yao ilikuwa 22.7.

Kwa hiyo makundi mawili yana presha inayokaribiana na dawa za jamii moja, ila ubongo wa kundi moja umeitikia na wa kundi jingine haukuitikia. Kisa chote kiko kwenye pengo la kati ya 3.1 na 22.7. Mimi nakiona kuwa mojawapo ya visa vinavyofundisha zaidi katika tiba ya wagonjwa mahututi, kwa sababu kinamlazimisha daktari kutofautisha vitu viwili ambavyo ni rahisi kuvichanganya: kiasi cha homoni kilichomo kwenye damu, na kile ambacho ubongo unaamuru wakati huo.

Vasopresini inavyotoka

Vasopresini ni mnyororo mfupi wa amino asidi tisa. Inatengenezwa na seli kubwa za neva zilizoko kwenye haipothalamasi, eneo dogo la chini ya ubongo, katika vituo viwili: kimoja kiko juu ya mahali neva za macho zinapokutana, kingine kiko kando ya uwazi wa kati wa ubongo. Kila seli ina mkia mrefu unaoshuka hadi sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari. Homoni husafiri ndani ya mkia huo ikiwa kwenye vifuko vidogo, na ikifika nchani huwekwa akiba. Amri ikija, vifuko hupasukia kwenye damu.

Kuanzia kutengenezwa hadi kufika akibani, homoni huchukua kama saa moja hadi mbili. Na katika akiba yote iliyopo, ni asilimia 10 hadi 20 tu inayoweza kutoka haraka. Iliyobaki hutoka polepole hata kama amri ni kali. Mambo haya mawili yanaonekana madogo, ila ndiyo yatakayoeleza sehemu kubwa ya kisa.

Amri yenyewe hutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni chumvi: damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, vipokezi vya haipothalamasi vinatambua na homoni inatoka, ili figo zishike maji. Upande wa pili ni presha na ujazo wa damu. Kwenye mshipa mkubwa wa shingo, kwenye tao la aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) na kwenye vyumba vya juu vya moyo kuna ncha za neva zinazohisi mtanuko. Taarifa zake hupanda kwa neva ya tisa na ya kumi ya kichwa hadi shina la ubongo, na kutoka hapo hadi haipothalamasi. Presha ikiwa nzuri, taarifa hizo huizuia homoni isitoke. Presha ikishuka kidogo, hakuna kikubwa kinachoonekana. Ikishuka sana, kizuizi kinaondolewa na homoni inapanda kwa kasi mno, hadi mara kadhaa ya kiwango cha kawaida.

Hapa huwa linaulizwa swali zuri, na wanafunzi wa udaktari hulipenda: kama mgonjwa huyu amepungukiwa vasopresini, mbona hakojoi ndoo kwa ndoo kama mgonjwa ambaye pituitari yake imeharibiwa na uvimbe? Jibu ni kwamba figo zinaridhika na kidogo. Pikogramu chache kwa mililita zinatosha figo kukaza mkojo karibu kadiri ziwezavyo. Mishipa ya damu ndiyo inayohitaji viwango vikubwa zaidi. Kwa hiyo 3.1 inatosha kwa figo na haitoshi kabisa kwa mishipa, na ndiyo sababu upungufu huu ulijificha kwa muda mrefu: hauna dalili yake yenyewe kitandani zaidi ya presha isiyopanda, na presha isiyopanda katika sepsisi kila mtu ana maelezo yake tayari.

Nani wa kulaumiwa?

Watafiti wa Columbia walianza na mtuhumiwa wa kwanza kabisa: pengine homoni inatoka vizuri, ila mwili unaivunja haraka kabla haijafanya kazi. Waliwawekea wagonjwa wawili vasopresini ya nje kwa kasi isiyobadilika, kisha wakapima damu. Kiwango kilipanda hadi pale hesabu ilipotabiri. Kama uvunjaji ungekuwa wa kasi isiyo ya kawaida, kiwango kingebaki chini. Mtuhumiwa huyo akaachiwa. Tatizo likabaki kwenye utoaji, yaani ubongoni.

Pili, dawa. Noradrenalini, mojawapo ya dawa hizo za jamii ya adrenalini, ikiwa nyingi inaweza kuzuia utoaji wa vasopresini ndani ya ubongo. Hoja hiyo ina mashiko ya maabara, lakini kumbuka lile kundi la wagonjwa 12 wa moyo. Nao walikuwa kwenye dawa za jamii hiyohiyo, na homoni yao ilikuwa juu mara saba. Haiwezi kuwa maelezo peke yake. Wengine walisema ni maji mengi ya dripu: vyumba vya juu vya moyo vimetanuka, ubongo unadhani damu imejaa, unafunga homoni. Hoja hii nayo inagonga ukuta uleule. Moyo ulioshindwa kusukuma ndio uliotanuka zaidi kuliko wote, na bado homoni yake ilipanda.

Mtuhumiwa wa tatu ana kesi nzito zaidi: ile njia ya taarifa kutoka mishipani hadi shina la ubongo. Mtu mwenye afya ukimwekea vasopresini kidogo, presha yake haipandi sana, kwa sababu ubongo unahisi mabano ya mishipa na kupunguza mapigo ya moyo papo hapo. Mgonjwa wa mshtuko wa sepsisi hana breki hiyo. Wagonjwa 10 wa Columbia walipowekewa uniti 0.04 kwa dakika, presha ya juu ilitoka 92 ikafika 146. Dozi hiyo ni ndogo, na kwa mtu mzima wa afya isingetikisa mshale. Ukali wa mwitikio huo ni dalili kwamba rifleksi ya presha imelala, na rifleksi hiyo ndiyo inayopeleka habari ya presha kwenye haipothalamasi. Ubongo usiopata habari kwamba presha imeanguka hauna sababu ya kutoa homoni.

Kisha kuna akiba yenyewe, na hapa ndipo muda unapoingia. Tarek Sharshar na wenzake wa hospitali ya Raymond Poincaré huko Garches, nje kidogo ya Paris, walionesha kwamba mwanzoni mwa mshtuko wa sepsisi vasopresini karibu kila mara huwa juu, kama inavyotakiwa. Inashuka baadaye. Katika wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye mshtuko kwa zaidi ya siku moja na nusu hivi, karibu theluthi moja walikuwa na kiwango cha chini kisichoendana na presha yao. Kwa hiyo si kwamba ubongo wa mgonjwa wa sepsisi haujui kutoa homoni. Uliitoa, tena nyingi, kisha ikawaje?

Kwa kawaida, pituitari ya nyuma ikipigwa picha ya MRI huonekana kama doa jeupe linalong'aa, na mng'ao huo unatokana na akiba ya vasopresini. Timu hiyohiyo ya Garches ilipowapiga picha wagonjwa wachache wa mshtuko wa sepsisi waliokuwa na vasopresini ya chini, doa halikuonekana. Akiba ilikuwa imekwisha. Ukirudi kwenye hesabu ya saa moja hadi mbili za kutengeneza na kusafirisha, picha inaeleweka: mahitaji yamekuwa makubwa kwa saa nyingi mfululizo, vifuko vimemwagwa, na uzalishaji haukufidia.

Lakini kwa nini haukufidia? Seli za neva zinazodaiwa homoni kwa siku nzima zinatakiwa ziongeze kasi ya kutengeneza. Panya aliyenyimwa maji kwa siku kadhaa hufanya hivyo. Panya mwenye sepsisi hafanyi vizuri. Katika jaribio linalotumika sana, utumbo kipofu wa panya hufungwa uzi na kutobolewa kwa sindano ili kinyesi kivujie tumboni. Vasopresini hupanda ndani ya saa chache za mwanzo, halafu hurudi karibu na kawaida kesho yake, huku presha ikiwa bado chini na akiba ya pituitari ikiwa haijajaa tena. Kuna kitu kinachozikaba seli zenyewe.

Hapo ndipo nitriki oksaidi inapotajwa. Ni gesi ambayo mwili huitumia kama ujumbe wa kulegeza mishipa, na katika sepsisi hutengenezwa kupita kiasi na kimeng'enya kinachoamshwa na uvimbe (hapa ni mwitikio wa kinga dhidi ya maambukizi, si uvimbe wa kuota). Wengi wanaijua kwa kazi yake ya mishipani. Ubongoni ina kazi nyingine: inazuia utoaji wa vasopresini. Alexandre Giusti-Paiva na wenzake wa Ribeirão Preto, Brazil, walichoma panya sumu ya bakteria, huku wengine wakiwekewa kwanza ndani ya ubongo dawa inayozuia kimeng'enya hicho. Waliozuiwa kimeng'enya walitoa vasopresini zaidi na presha yao haikuanguka kwa kiasi kilekile. Dawa iliwekwa ubongoni, na mabadiliko yakaonekana kwenye presha ya mwili. Kwangu huo ndio ushahidi unaobana zaidi kwamba sehemu ya kuanguka kwa presha katika sepsisi inaamuliwa juu, kichwani, wala si kwenye kuta za mishipa pekee.

Lipo pia jambo zito zaidi. Mwaka 2003 Sharshar na wenzake walieleza matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu waliofariki kwa mshtuko wa sepsisi. Katika vituo vinavyosimamia moyo, presha na homoni, vikiwemo vile viwili vya haipothalamasi vinavyotengeneza vasopresini, walikuta seli za neva zilizojiua, na kiasi cha seli hizo kiliendana na wingi wa kile kimeng'enya cha nitriki oksaidi kwenye mishipa ya ubongo. Maiti haiwezi kukuambia kama seli zilikufa kwanza au presha ilianguka kwanza. Ila inaonyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa tunazungumzia seli zisizoweza kurudi kazini, zaidi ya uchovu wa muda.

Sumu na taarifa za uvimbe hufikaje ubongoni, ilhali ubongo una kizuizi chake dhidi ya damu? Kwa milango kadhaa. Kuna maeneo madogo ya ubongo yasiyo na kizuizi hicho, na pituitari ya nyuma ni mojawapo. Neva ya kumi nayo hubeba habari za uvimbe kutoka tumboni na kifuani moja kwa moja. Seli za kuta za mishipa ya ubongo zenyewe hutengeneza prostaglandini zinapoguswa na saitokini (kemikali za ujumbe za kinga), na prostaglandini hizo hupenya ndani. Njia hizohizo ndizo zinazoleta homa.

Jirani yake, kotisoli

Kisa cha vasopresini hakieleweki vizuri mpaka ukiweke karibu na cha kotisoli, homoni ya msongo, kwa sababu kotisoli hukusomesha kinyume.

Kotisoli hutolewa na tezi za adrenali zilizoko juu ya figo, kwa amri ya ngazi mbili: haipothalamasi inatoa homoni yake, pituitari ya mbele inaitikia kwa kutoa ACTH, na ACTH inaziamuru adrenali. Mgonjwa wa sepsisi kwa kawaida hukutwa na kotisoli ya juu. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: mwili una msongo, ubongo unaamuru, adrenali zinatii.

Mwaka 2013, timu ya Greet Van den Berghe wa Leuven, Ubelgiji, ilichapisha vipimo vya wagonjwa mahututi 158. Kotisoli ilikuwa juu kama ilivyotarajiwa. ACTH, ile amri ya ubongo, ilikuwa chini kuliko ya watu wenye afya. Walipopima kasi yenyewe, uzalishaji wa kotisoli ulikuwa umeongezeka, lakini si kwa kiasi kinachoeleza viwango vile. Maelezo mengine yalikuwa kwenye uvunjaji: ini na figo zilikuwa zimepunguza vimeng'enya vinavyoiharibu kotisoli, na usafishaji wake kwenye damu ukashuka kwa zaidi ya nusu. Ni kama kulikuta pipa limejaa maji wakati bomba limefungwa nusu. Ukiinama utaona tundu la chini limezibwa.

Sasa linganisha. Kwa vasopresini, uvunjaji ulikuwa wa kawaida na utoaji ndio uliokufa, na kipimo kikawa chini. Kwa kotisoli, amri ya ubongo nayo ilikuwa chini, lakini kipimo kikawa juu kwa sababu uvunjaji umepungua. Ubongo umefanya jambo linalofanana katika njia zote mbili, na damu imetoa majibu yanayopingana. Daktari anayesoma namba ya homoni na kutoka nayo moja kwa moja hadi kwenye hukumu ya "ubongo unafanya kazi" au "haufanyi" atakosea mara moja kati ya hizo mbili.

Inawezekana, bila shaka, kwamba ACTH ya chini ni busara tu: kotisoli ikikaa juu kwa kutovunjwa, yenyewe humrudishia ubongo habari kwamba imetosha, na ubongo hupunguza amri. Hiyo ndiyo tafsiri ya kawaida na ina mantiki. Lakini adrenali isiyopata ACTH kwa wiki mbili tatu husinyaa, na mgonjwa anayekaa ICU kwa muda huo anaweza kufika mahali tezi zake kweli haziwezi kuitikia. Kwa hiyo mgonjwa wa siku ya kwanza na mgonjwa wa siku ya ishirini si kesi moja, hata kama majibu ya maabara yanafanana.

Je, kuirudisha homoni kunaokoa maisha?

Baada ya 1997 ilionekana kama hesabu imekamilika. Homoni imepungua, irudishe. Kulikuwa na wagonjwa sita wa Columbia waliokuwa wanategemea vasopresini peke yake, na ilipositishwa presha yao ilianguka hadi 83. Iliporudishwa kwa uniti 0.01 tu kwa dakika, ikapanda hadi 115. Na kiwango kwenye damu kwa dozi hiyo kilikuwa kama pikogramu 30, yaani kile ambacho ubongo wenye afya ungekitoa wenyewe kwa presha ya namna ile. Mara chache sana utakuta jaribio dogo lililonyooka hivyo.

Jaribio kubwa lilikuja 2008, likiongozwa na James Russell wa Vancouver, Kanada. Wagonjwa 778 wa mshtuko wa sepsisi waliokuwa tayari kwenye dawa za kupandisha presha waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakaongezewa vasopresini, nusu noradrenalini. Baada ya siku 28, waliokufa walikuwa asilimia 35.4 upande wa vasopresini na 39.3 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema ni ya kweli. Kitu cha ajabu ni kwamba dalili ya faida ilionekana kwa wagonjwa waliokuwa na mshtuko wa kiasi, asilimia 26.5 dhidi ya 35.7, wala si kwa wale wa hali mbaya zaidi. Ukifuata mantiki ya akiba iliyokwisha, ungetegemea kinyume chake.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi. Vasopresini ya chini ni kweli, na ni ya ubongoni, ila ni kitu kimoja kati ya vingi vinavyoharibika kwa pamoja. Ukirekebisha kimoja presha inapanda, na presha ikipanda si lazima figo, ini na mapafu vifuate. Kwa mgonjwa aliyeharibikiwa na kila kitu, kurudisha homoni moja kumechelewa. Miongozo ya kimataifa ya sepsisi ya mwaka 2021 imeiweka vasopresini mahali pa wastani: noradrenalini kwanza, ikifika mikrogramu 0.25 hadi 0.5 kwa kilo kwa dakika na presha ya wastani (iliyo kati ya ile ya juu na ya chini) bado haijafika 65, ongeza vasopresini badala ya kuendelea kupandisha noradrenalini. Hakuna anayeshauri kupima vasopresini kwanza, na ni sawa. Homoni hii hushikamana na chembe sahani za damu na huharibika upesi kwenye chupa, kiasi kwamba maabara nyingi hupima kopeptini, kipande kinachodumu zaidi cha mnyororo mama wa homoni hii, kinachotolewa pamoja nayo. Nacho kinakuonyesha kilichokwisha kutolewa, hakikuonyeshi kilichobaki akibani.

Kwa kotisoli hadithi ni ileile ya presha kuitika kuliko uhai. Jaribio la ADRENAL la 2018, lenye wagonjwa wapatao 3,800, lilitoa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 200 kwa siku. Mshtuko uliisha kwa siku 3 badala ya 4, ila vifo vya siku 90 havikutofautiana: asilimia 27.9 na 28.8. Jaribio la Ufaransa la mwaka huohuo, lililochanganya haidrokotisoni na fludrokotisoni (dawa nyingine ya jamii ya homoni za adrenali) kwa wagonjwa 1,241 wa hali mbaya zaidi, lilipata vifo 43.0 dhidi ya 49.1 kwa mia. Ndiyo maana dawa hii imebaki kwenye miongozo kwa wale ambao noradrenalini yao imefika juu na kukaa huko kwa saa nne au zaidi.

Wodini kwetu

Vasopresini ni dawa ya kusikia tu katika hospitali nyingi za mikoa na kaunti huku kwetu. Mara nyingi hata noradrenalini haipo, na adrenalini ndiyo inayofanya kazi hiyo, jambo ambalo miongozo ya 2021 inaliruhusu. Lakini mafunzo ya kisa hiki yanatugusa kwa njia nyingine, kupitia maji.

Jaribio la FEAST, lililoongozwa na mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, na kufanyika Uganda, Kenya na Tanzania, liliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 ya wale waliopewa maji ya kawaida tu. Miongoni mwa maelezo waliyoyapendekeza watafiti ni hili: mtoto aliye kwenye mshtuko anaishi kwa msaada wa homoni ambazo mwili wake unazimwaga kubana mishipa, na maji ya ghafla yanaweza kuukatiza utetezi huo. Hilo halijathibitishwa, lakini ukishaijua njia ya taarifa kutoka kwenye mtanuko wa mishipa hadi shina la ubongo, linaeleweka. Kule Lusaka, Zambia, jaribio la 2017 kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa na VVU, lilipata vifo asilimia 48.1 kwa waliopewa maji na dawa za presha kwa utaratibu wa mapema, na 33.0 kwa huduma ya kawaida.

Na upande wa kotisoli kuna jambo ambalo kisa cha Leuven kinalifanya liwe la haraka zaidi hapa kuliko Ulaya. Mgonjwa mahututi anategemea sana kutovunjwa kwa kotisoli, kwa kuwa amri ya ubongo ni hafifu. Rifampisini, dawa ambayo karibu kila mgonjwa wetu wa kifua kikuu huimeza kila siku kwa miezi, inaliamsha ini livunje kotisoli kwa kasi zaidi. Kifua kikuu chenyewe ni sababu ya zamani ya adrenali kuharibika, na VVU iliyokomaa nayo huzigusa. Halafu kuna yule aliyekuwa akimeza predinisoloni, dawa ya jamii ya kotisoli, ya pumu au ya baridi yabisi kwa mwaka mzima, akaiacha juzi kwa sababu aliona amepona. Pituitari yake ilishazoea kutoamuru, na sepsisi imemkuta hivyo.

Kwa hiyo mgonjwa akiletwa na presha isiyoshika, sista anapotafuta mshipa, mtu mwingine aulize ndugu aliyekuja naye maswali matatu: anatumia dawa za TB? Amewahi kumeza vidonge vya predinisoloni kwa muda mrefu, au kutumia dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo? Ana sukari ya kushuka au alikuwa akikonda na kutapika wiki za karibuni? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kumpa haidrokotisoni mapema, bila kusubiri damu ya kotisoli irudi kutoka maabara ya rufaa.